KIPIMO CHA MASHINE NA KIPIMO CHA JEMBE

Asubuhi moja, katika shamba kubwa la chai upande wa magharibi wa Uganda, wafanyakazi wa palizi walikuta kitu kigeni kimesimama juu ya kilima. Kilikuwa na miguu mitatu, na juu yake kichwa chenye jicho la kioo. Msichana mmoja alikuwa akishuka bondeni, ameshika fimbo yenye kioo kinachong'aa. Kila alipopiga hatua, kile kichwa kiligeuka chenyewe kumfuata, kama alizeti inavyofuata jua. Nyuma ya chombo hapakuwa na mtu.

Wiki mbili baadaye vipande vya palizi viligawanywa upya, na vigingi vipya vikapigwa. Karatasi ya ofisi ilisema yale yale ya siku zote: kipande kimoja ni meta 20 kwa meta 20. Lakini watu waliozoea kuanza saa moja asubuhi na kumaliza saa saba mchana, sasa walimaliza karibu saa nane. Wale waliopangiwa bondeni, penye tambarare, hawakuona tofauti yoyote. Walioumia ni wale wa kilimani. Walipokwenda kulalamika, nyapara aliwajibu kwa maneno mawili: "Mashine haidanganyi."

Ndugu wafanyakazi, nyapara yule alisema kweli, na wafanyakazi wale pia walisema kweli. Jambo hilo linawezekanaje? Ndilo tunalotaka kulieleza hapa, kwa sababu vyombo vya namna hii vinaingia katika mashamba ya chai, ya miwa na ya mkonge, na hata katika viwanja vya viwanda, na mfanyakazi asiyejua vinavyofanya kazi atabaki kuambiwa tu.

ZAMANI ZA MNYORORO

Kwa miaka mingi ardhi ilipimwa kwa mnyororo. Mwaka 1620 Mwingereza mmoja, Edmund Gunter, alitengeneza mnyororo wa futi 66, yaani meta 20 na kidogo, wenye viungo 100. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: upana wa mnyororo mmoja kwa urefu wa minyororo kumi ni eka moja kamili. Mnyororo huo na hesabu hiyo vilienea katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza, zetu zikiwamo. Baadaye ulikuja utepe wa chuma, lakini watu waliendelea kuuita mnyororo.

Pamoja na mnyororo kulikuwa na thiodolaiti, chombo cha kupimia pembe. Hicho nacho kilikuwa mzigo. Waingereza walipoanza kupima Bara Hindi mwaka 1802, walitumia thiodolaiti kubwa yenye uzito wa karibu nusu tani, na kuihamisha kulihitaji watu kumi na wawili. Katika vitabu yameandikwa majina ya mabwana wapimaji. Majina ya waliobeba hayakuandikwa.

Hata katika nchi zetu kikosi cha upimaji kilikuwa cha watu wengi. Alikuwako mpimaji mwenyewe, na mwandishi wa daftari. Walikuwako watu wawili wa mnyororo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Walikuwako wa kushika fimbo, wa kufyeka njia kwa panga, na wa kubeba mizigo. Kazi ilikwenda polepole, lakini ilikuwa na sifa moja kubwa: kila mtu aliiona. Mnyororo ulilazwa chini mbele ya macho ya watu. Mtoto wa shule aliweza kuhesabu.

Tusidanganyane kwamba mnyororo ulikuwa malaika. Viungo vyake vililika kwa kusuguana, nao ukarefuka. Mnyororo uliorefuka huonyesha shamba kuwa dogo kuliko lilivyo, kwa hiyo mwenye kulima kipande kilichopimwa kwa mnyororo huo alilima zaidi ya alicholipwa. Lakini uongo wa mnyororo uliweza kukamatwa. Ungeulaza kando ya kipimo kinachoaminika, na ukweli ukajitokeza.

CHOMBO KILIPOPATA AKILI

Mabadiliko yalianza pale watu walipojifunza kupima urefu bila kugusa ardhi. Katika miaka ya 1940 Erik Bergstrand wa Sweden alitumia mwanga. Katika miaka ya 1950 mhandisi wa Afrika Kusini, Trevor Wadley, alitumia mawimbi ya redio, na chombo chake, telurometa, kikapima masafa ya makumi ya kilometa kutoka kilima hadi kilima. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Ulaya na Marekani viliunganisha kipimo cha pembe na kipimo cha urefu ndani ya chombo kimoja chenye kompyuta ndogo. Chombo hicho wapimaji hukiita totali stesheni. Ndicho kile chenye miguu mitatu tulichokitaja mwanzoni.

Kazi yake ni hii. Chombo hutuma mwanga kwenye prizima, yaani kile kioo kilichofungwa juu ya fimbo. Prizima huurudisha mwanga ulikotoka. Kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana, karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja, kompyuta hupata urefu kutokana na mwanga ule uliorudi. Wakati huo huo husoma pembe mbili: ya kulia na kushoto, na ya juu na chini. Chombo kizuri hukosea milimita chache tu katika nusu kilometa.

Mwaka 1990 kampuni moja ya Sweden ilitoa chombo cha kwanza cha aina hii kinachoweza kufanya kazi na mtu mmoja. Kina mota ndani, nacho humfuata mwenye prizima popote aendapo. Mtu huyo hukiamuru kwa redio akiwa huko huko bondeni. Vyombo vya leo vimeongezewa mengine. Vina kipima usawa ndani: kikiinama kidogo hujisahihisha chenyewe, kikiinama sana hukataa kufanya kazi. Vina kamera, kwa hiyo kila kigingi huweza kupigwa picha. Hupeleka hesabu ofisini kwa njia ya simu kabla mpimaji hajashuka kilimani, na huandika saa na dakika ya kila kipimo.

Viko pia vipokezi vya setilaiti, ambavyo havihitaji hata kile chombo cha miguu mitatu. Zamani fimbo ya kipokezi ilipaswa kusimama wima kabisa, la sivyo kipimo kilipotea. Mwaka 2017 kampuni ya Leica ya Uswisi ilitoa kipokezi kinachojua fimbo imeinama kiasi gani na kuelekea wapi, nacho hukokotoa mahali ncha ilipogusa ardhi. Mpimaji huweza kupima kona ya ukuta au nyuma ya mti bila taabu.

Hayo yote ni maendeleo, wala hatuyakatai. Kazi iliyochukua mwezi sasa huchukua siku chache. Lakini jambo moja limepotea: mnyororo haulazwi tena mbele ya watu. Kipimo kimeingia ndani ya sanduku, na kinachotoka nje ni namba tu.

KILIMA KILICHOPOTEA KWENYE KARATASI

Sasa turudi kwa wenzetu wa palizi. Aliyegundua siri alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuvuta mnyororo katika ujana wake. Alichukua utepe wa kawaida, ule wa mafundi, akaulaza chini kufuata mteremko, kutoka kigingi cha juu hadi kigingi cha chini. Karatasi ilisema meta 20. Utepe ulisema meta 23 na kitu.

Je, mashine ilidanganya? La hasha. Fikiri juu ya fundi wa mabati. Nyumba yenye upana wa futi 20 huwezi kuiezeka kwa mabati yanayotimiza futi 20 tu, kwa sababu paa limepanda na kushuka. Upana wa nyumba ni kipimo cha usawa. Urefu wa bati ni kipimo cha mteremko. Vyote viwili ni kweli, ila havilingani.

Ramani na hati za ardhi hutumia kipimo cha usawa. Sababu yake ni nzuri: ramani ni karatasi bapa, na viwanja vyote lazima vikae juu yake bila kupandana. Ndiyo maana totali stesheni, ikiisha kupima mteremko, huugeuza kuwa usawa bila kuulizwa. Kwa mwenye hati hiyo ni sawa kabisa. Lakini jembe halilimi ramani. Jembe hulima mteremko, na magugu huota juu ya mteremko.

Tazama hesabu. Kipande cha meta 20 kwa meta 20 katika tambarare ni meta za mraba 400. Kipande hicho hicho kikipangwa kwa kipimo cha usawa juu ya kilima chenye mteremko wa digrii 20, ardhi yenyewe ni karibu meta za mraba 426. Mteremko ukiwa wa digrii 30, ardhi ni karibu meta za mraba 462. Mfanyakazi wa kilima hicho amelima sehemu 15 na zaidi kwa kila mia bila malipo, tena akiwa amesimama mahali pabaya zaidi. Kwa mtu anayeanza saa moja na kumaliza saa saba, ziada hiyo ni kama dakika 55 kila siku. Katika juma la siku sita ni karibu siku moja nzima ya kazi iliyotolewa bure.

Wale waliogawa vipande kwa utepe uliolazwa ardhini, hata kama hawakusoma sana, walimpa mfanyakazi kipimo cha mteremko bila kujua. Mashine ilipokuja ikampa kipimo cha usawa, na hakuna aliyetangaza mabadiliko. Huenda hata ofisini hawakuyatambua. Mashine ilijibu vizuri swali iliyoulizwa. Kosa lilikuwa katika swali, na mwenye kuuliza hakuwa mfanyakazi.

Katibu wa tawi alikwenda kwa meneja na mambo mawili mkononi: utepe, na ombi moja. Aliomba mpimaji afungue kumbukumbu ya chombo na aonyeshe kipimo cha mteremko. Kumbe kilikuwamo wakati wote! Chombo hupima mteremko kwanza, ndipo kikapata usawa. Huhifadhi vipimo vyake, na kuvisoma ni suala la kubonyeza. Baada ya majadiliano ya siku mbili, vigingi vya kilimani vilisogezwa. Ni haki kueleza pia kwamba katika kupima upya, vipande kadhaa vya bondeni vilionekana havifiki meta 20, navyo vikaongezwa. Baadhi ya watu walinung'unika. Lakini chama kinachodai kipimo cha haki hakiwezi kukidai upande mmoja tu.

SETILAITI NAZO ZINA MPAKA

Watu wengi leo wanajua kwamba hata simu ya mkononi hupata mahali ilipo kutoka kwa setilaiti. Setilaiti ya kwanza ya mtandao wa Marekani uitwao GPS ilirushwa mwaka 1978. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiuharibu kidogo kwa makusudi kwa watumiaji wa kiraia, hata makosa yakaweza kufika meta 100. Siku hizi ipo pia mitandao ya Urusi, ya Ulaya na ya China, na kipokezi kizuri hutumia yote pamoja.

Hata hivyo kipokezi si kimoja. Kipokezi cha wapimaji, kinachosaidiwa na kingine kilichowekwa mahali panapojulikana, hukosea sentimeta chache. Kipokezi kidogo cha mkononi, au simu, hukosea meta kadhaa. Kosa hilo lina maana gani? Chukua shamba la meta 400 kwa meta 500, yaani hekta 20. Ukikosea meta 3 kila upande, eneo hukosewa kwa kama sehemu moja na theluthi katika mia. Si neno kubwa. Lakini chukua kipande cha meta 20 kwa meta 20. Ukikosea meta 3 kila upande, unapata meta za mraba 529 badala ya 400. Hiyo ni karibu theluthi moja ya ziada! Chombo kinachofaa kupima shamba zima huenda kisifae hata kidogo kupima kazi ya mtu mmoja.

Tena setilaiti hazipendi miti mirefu, kuta na paa za mabati. Mawimbi yake huzibwa na majani au hugonga ukuta na kurudi yamepotoka. Palipo na mikaratusi mikubwa, namba zinazoonekana kwenye kioo zisiaminiwe upesi.

Liko jambo jingine linalohusu mipaka ya mashamba na vijiji. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti za GPS hutumia msingi mwingine. Mtu akichukua namba za ramani ya zamani na kuzitafuta ardhini kwa kipokezi ambacho hakikuwekwa sawasawa, atasimama karibu meta 300 mbali na mahali penyewe. Meta 300 huweza kumeza bustani za mboga za wafanyakazi, kisima, au nusu ya kijiji. Kwa hiyo mkisikia kwamba "setilaiti imeonyesha" mpaka uko kwingine, swali la kwanza liwe: kipokezi kiliwekwa kwa msingi gani, na kilianza kwenye bikoni ipi?

WATU WA MNYORORO WAMEKWENDA WAPI?

Kikosi cha watu wanane sasa ni msichana mmoja na fimbo yake. Hatumlaumu, naye ni mfanyakazi, na mshahara wake si mkubwa. Tulipozungumza naye alikiri kwamba siku ya kwanza alizunguka saa tatu akiitafuta bikoni ya zamani, mpaka yule mzee wa mnyororo akaja, akahesabu hatua kutoka kwenye mti fulani, akachimba kwa jembe na kuifikia. "Chombo kinajua kupima," alisema msichana, "hakijui jiwe lilizikwa wapi."

Hapo pana fundisho. Maarifa ya watu wa mnyororo hayakwisha thamani mashine ilipofika. Kilichokwisha ni malipo yao. Kule Kericho, nchini Kenya, mwezi wa Mei 2023, hasira juu ya mashine za kuchuma chai ilifika hadi mashine zikachomwa moto. Wenye busara hawangoji moto uwake. Chama hukaa na mwajiri kabla mashine haijashushwa kwenye lori, wala si baada ya watu kupewa barua za kuachishwa.

Rwanda imetuonyesha jambo. Kati ya mwaka 2009 na 2013 nchi hiyo iliandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Haikutumia chombo cha bei kubwa kwenye kila kona. Picha zilizopigwa kutoka angani na kwa setilaiti zilichapishwa kwenye karatasi kubwa, na watu wa vijijini wakafundishwa kuchora mipaka juu yake. Mpaka ulitembelewa kwa miguu, majirani wakiwapo na kushuhudia. Vipimo vile havikuwa vya milimita, lakini vilionekana kwa macho, na watu wengi wa kawaida walipata mafunzo na kazi. Akili ya chombo na macho ya wananchi vinaweza kwenda pamoja.

MAMBO YA KUKUMBUKA KATIKA TAWI

Kutokana na hayo yote, matawi yetu yanaweza kuchukua hatua hizi:

Kwanza, mkataba utaje wazi kwamba kazi ya kipande hupimwa kwa kufuata ardhi, yaani mteremko, na si kwa usawa wa ramani.

Pili, utepe wa tawi uwepo daima. Mjumbe wa wafanyakazi awe na haki ya kupima vipande vichache mbele ya nyapara kila vigingi vinapohamishwa. Utepe wa meta 30 hauhitaji betri.

Tatu, ikitokea mabishano, mpimaji aombwe kumbukumbu yenyewe ya chombo: kipimo cha mteremko, pembe, saa, na bikoni alizoanzia. Ramani iliyochorwa vizuri peke yake haitoshi.

Nne, mashine mpya inapoletwa, watu wa mnyororo na wa fimbo wawe wa kwanza kufundishwa kuitumia.

Tano, vipokezi vinavyoandika mahali na saa huweza pia kuandika nyendo za mfanyakazi anayevibeba. Mpatane mapema ni nani atasoma kumbukumbu hizo, na kwa sababu gani.

Yule mzee wa mnyororo bado yuko shambani. Amepewa kazi ya kumwonyesha msichana bikoni za zamani, naye msichana anamfundisha kusoma namba kwenye kioo. Tulipomwuliza anaionaje mashine, alicheka. Alisema ni nzuri kuliko mnyororo kwa kila jambo, ila haijawahi kushika jembe. Basi wenye kushika jembe wasiache kuikumbusha.